Nafsi ya "Sisi" katika Ushabiki wa Kandanda: Mfano wa Thika na Ruiru

Jumamosi jioni, wakati ligi ya Uingereza imepamba moto, mtu akipita katika mitaa ya Makongeni mjini Thika, au katika mabaa ya Kamakis upande wa Ruiru, hatakosa kusikia sentensi moja ikitamkwa kwa sauti kubwa na watu wengi kwa pamoja: "Tumeshinda!" Sentensi hii ni fupi. Ina kiambishi cha nafsi ya kwanza wingi, kiambishi cha hali timilifu, na shina la kitenzi. Mwanafunzi wa isimu wa mwaka wa kwanza aweza kuichambua kabla chai yake haijapoa. Lakini akiulizwa tu- hiyo yasimama badala ya akina nani, atatatizika. Waliocheza ni vijana kumi na mmoja walioko London, wengi wao si Waingereza, na huenda hakuna hata mmoja wao aliyepata kusikia kwamba kuna mji uitwao Thika.

Makala haya yanahusu kiambishi hicho. Mengi yamekwisha kusemwa juu ya kandanda na maisha ya siku hizi, hasa na watu wazima wanaosikitika kwamba vijana wetu wameziacha timu za nyumbani na kuzipa nyoyo zao klabu za ng'ambo wasizoweza hata kupata nauli ya kwenda kuzitazama. Sikitiko hilo lina haki yake, nasi tutalirudia. Hata hivyo lina kasoro moja, nayo ni kwamba halikusikiliza kwanza namna mashabiki wenyewe wanavyosema. Yaelekea tukisikiliza tutaona kwamba "sisi" wa shabiki haikuhamia London hata kidogo. Ipo palepale Makongeni, ila imevaa nguo za London. Nayo ilikuwa na sababu nzito ya kuzivaa.

Tuanze na sarufi. Jina la klabu katika Kiswahili laweza kupatanishwa kwa njia mbili. Laweza kuingizwa katika ngeli ya neno timu, tukapata "Arsenal imeshinda". Au laweza kuhesabiwa kuwa jina la kundi la watu, tukapata "Arsenal wameshinda". Magazeti hutumia njia zote mbili, mara nyingine katika aya moja, na ni wahariri wachache wanaojisumbua kuzitenganisha. Njia ya tatu haimo katika ripoti za magazeti, nayo ndiyo ya shabiki: jina la klabu laangushwa na mahali pake paingia tu-. Hizi si njia tatu za kusema jambo moja. Kwa i-, klabu ni chombo, kama kampuni au benki. Kwa wa-, ni watu, lakini ni watu wengine. Kwa tu-, msemaji amejitia miongoni mwao, na ushindi umekuwa wake, na aibu pia.

Sasa tuangalie upande wa pili wa mazungumzo, maana tu- ya ushabiki haiishi peke yake. Papo hapo baada ya "tumeshinda" hufuata "mmefungwa", na hapa ndipo siri inapofichuka. Ni nani anayeambiwa "mmefungwa"? Si wachezaji wa Manchester United, ambao hawapo na hawajui Kiswahili. Anayeambiwa ni fundi wa viatu aliyeketi benchi la mbele, au kondakta wa matatu, au mama muuza mboga ambaye mwanawe amemnunulia jezi nyekundu. Nafsi ya pili haina ujanja: humwelekea mtu aliyepo anayesikia. Na kama m- ya "mmefungwa" ni watu wa mtaa uleule, basi tu- inayoikabili haina budi kuwa watu wa mtaa uleule pia. Majina ya klabu yametoka Uingereza, lakini pande mbili zinazopambana zote zaishi Makongeni.

Jambo hili si geni katika historia ya watu wa pwani ya Afrika Mashariki, na linashangaza wale tu waliosahau ngoma ya Beni. Tokea miaka ya 1890 hivi, katika miji kama Lamu na Mombasa, vijana walijigawa katika vyama vya ngoma vilivyoshindana kwa mavazi, kwa bendi na kwa gharama. Mombasa palikuwa na Kingi na Scotchi. Baadaye, ngoma hiyo ilipoenea bara na kusini, palikuwa na Marini na Arinoti. Majina hayo yalichukuliwa kwa wageni, na vyeo vya vyama hivyo vilikuwa vya kijeshi na vya kifalme vya Ulaya. Terence Ranger aliyeandika historia ya ngoma hiyo mwaka 1975 alionyesha vyema kwamba kosa kubwa la maafisa wa kikoloni lilikuwa kudhani kuwa ama wanaigwa au wanadhihakiwa, ilhali washindani walikuwa wanazungumza wao kwa wao. Marini hakuwa na haja ya kujua lolote juu ya jeshi la majini la Mwingereza. Alihitaji jina, sare, na Arinoti wa kumshinda.

Neno sare nalo lastahili kutazamwa. Sare ni nguo za aina moja zivaliwazo na wengi, na mchezo ukiisha bila mshindi twasema timu zimetoka sare. Tazama pia kitenzi sakata. Hicho kwa asili chafuatana na ngoma, kwa maana ya kucheza kwa ufundi na kwa kujitupa. Leo watangazaji husema wachezaji "wanasakata kabumbu" bila kufikiri kwamba wanaazima. Kucheza kwenyewe ni kitenzi kimoja kwa ngoma na kwa mpira. Bao latoka katika mchezo wa wazee wa kete, na sidhani ni ajali kwamba Kiswahili kililiweka kando ya goli la Kiingereza na kuendelea kuyatumia yote mawili. Na katika maneno yote ya kandanda, linalonifurahisha zaidi ni kuotea, yaani kosa la mshambuliaji kumtangulia mlinzi wa mwisho. Kuotea ni kumvizia mtu au mnyama mahali atakapopita. Waliolichagua neno hilo waliielewa sheria yenyewe, na uovu uliomo ndani yake, kuliko wengi waliojaribu kuifafanua kwa sentensi tatu.

Msamiati huu unatuonyesha kwamba kandanda ilipoingia katika lugha yetu haikukaa chumba cha wageni. Ilikaribishwa katika nyumba iliyokwisha kujengwa na ngoma, na bao, na utani. Tanzania mashabiki wa Yanga, klabu iliyoanzishwa mwaka 1935, na wale wa Simba, iliyoanzishwa mwaka 1936, huitwa watani wa jadi, na utani si neno la mchezo tu. Ni desturi kamili ya makabila, yenye ruhusa na mipaka yake. Kenya nayo ina mechi iitwayo ya mashemeji, kati ya Gor Mahia na AFC Leopards. Wajaluo na Waluhya ni majirani, wameoana vizazi vingi, na shemeji ni mtu unayeweza kumtania hadharani kwa sababu undugu utabaki kesho. Neno hilo limefanya kazi ya kutuliza ambayo polisi wenye virungu hawajaweza kuifanya.

Lakini mashemeji ni ndoa ya nyumba mbili. Mtu wa nyumba ya tatu asemeje? Hapa ndipo Thika na Ruiru zinapokuwa mfano mzuri kuliko Nairobi yenyewe.

Thika ni mji wa viwanda, kandokando ya mito ya Chania na Thika, na nje yake yametanda mashamba ya mananasi. Ruiru ilikuwa nchi ya kahawa, hata leo kituo cha utafiti wa zao hilo kipo huko, lakini mashamba mengi yamekatwakatwa yakawa viwanja vya nyumba. Hesabu ya watu ya mwaka 2009 iliwapata wakazi 238,858 katika mji wa Ruiru. Ile ya mwaka 2019 iliwapata 490,120. Mji uliojiongeza zaidi ya maradufu katika miaka kumi ni mji wa watu waliotoka kwingine. Katika ploti moja ya vyumba ishirini, wapangaji wanatumia choo kimoja na lugha nne au tano za mama. Swali la kwanza ambalo mpangaji mpya huulizwa ni "Wewe ni mtu wa wapi?"

Swali hilo si la kutaka habari za safari. Mkenya yeyote ajua kwamba laulizia kabila, na baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 lilikuwa swali ambalo watu katika miji mingi waliliogopa, kwa kuwa jibu lake liliweza kumtoa mtu nyumbani kwake, au kumtoa uhai. Sasa sikiliza muundo wa jibu la mashabiki. Hawasemi tu "nashabikia Liverpool". Wasema "mimi ni mtu wa Liverpool", "huyu ni mtu wa Chelsea", kwa muundo uleule wa "mtu wa Murang'a" na "mtu wa Siaya". Klabu imekaa mahali pa jina la nchi ya mababu. Tofauti ni kwamba kwao huko hakuna ardhi ya kugombaniwa, hakuna mbunge, na hakuna mzee wa kukuuliza baba yako alizikwa wapi. Mkikuyu, Mkamba, Mjaluo na Mkisii waweza kuwa "watu wa Arsenal" katika benchi moja, na wakatukanwa pamoja na "watu wa Manyuu" ambao nao wamechanganyika vivyo hivyo.

Serikali iliwahi kutafuta jambo la namna hii kwa amri. Mwaka 1980 vyama vya kikabila vilivunjwa, na katika kipindi hicho klabu ya Abaluhya, iliyoanzishwa mwaka 1964, ikaacha jina la kabila na kuwa AFC Leopards. Jina lilibadilika, watazamaji hawakubadilika sana. Mashabiki waliendelea kuiita Ingwe, yaani chui, kwa lugha ileile iliyokusudiwa kusahauliwa. Miaka kumi na mitano baadaye televisheni ilianza kuwachanganya watu katika mabenchi bila amri ya mtu, na bila kukusudia lolote isipokuwa kuuza matangazo. Sisemi kwamba ushabiki huu umeponya ukabila. Nasema kwamba ulitoa "sisi" ya pili, isiyouliza jina la ukoo, na watu waliokuwa na haja nayo waliitwaa.

Aidha, si lugha zote zilizomo katika ploti zinazoigawa nafsi kwa sauti moja. Mkikuyu na Mkamba wanayo tu- yao, maana lugha zao ni za Kibantu kama Kiswahili. Mjaluo, ambaye lugha yake si ya Kibantu, hutumia wa- kwa nafsi ya kwanza wingi, sauti ileile ambayo kwa Kiswahili yamaanisha "wao". Basi anapotoka kuzungumza juu ya Gor Mahia kwa lugha ya mama na kuingia katika Kiswahili cha kibanda cha video, wa- yake ya undugu yageuka kuwa ya watu baki, naye hulazimika kuitafuta tu-. Hili ni jambo dogo, na wasomi wa lugha mseto wataona kama lafaa kufuatwa; mimi lanichekesha tu.

Yatupasa sasa kuuliza kwa nini televisheni iliweza kufanya hivi, na kwa nini haikufanya mapema. Televisheni ilianza nchini Kenya mwaka 1962. Katika miaka ya themanini, Sauti ya Kenya ilionyesha michezo ya ligi ya Ujerumani Magharibi katika kipindi kilichoitwa Football Made in Germany, na waliokuwa wavulana wakati huo wangali wanaweza kukutajia wachezaji wa Bremen na Hamburg kwa ufasaha. Hata hivyo ni shida kumpata mtu wa Thika anayesema "tumeshinda" kwa ajili ya Bremen. Sababu yaelekea kuwa ya wakati. Michezo hiyo ilikuwa imekwisha kuchezwa. Matokeo yalikuwa historia. Huwezi kumtania jirani kwa jambo ambalo lilikwisha kuamuliwa kabla ninyi wawili hamjaketi. Benedict Anderson, katika kitabu chake cha mwaka 1983 juu ya chanzo cha mataifa, alilitilia mkazo suala la watu wasiojuana kufanya jambo moja kwa wakati mmoja huku kila mmoja akijua kwamba wengine wanalifanya. Yeye alikuwa akifikiria wasomaji wa magazeti. Mpira wa moja kwa moja una nguvu kuliko gazeti, kwa kuwa hata wachezaji hawajui mwisho wake.

Ligi Kuu ya Uingereza kwa sura yake ya sasa ilianza mwaka 1992, na kuanzia katikati ya miaka ya tisini televisheni za kulipia zikaileta Afrika Mashariki ikiwa mbichi. Saa nazo zilisaidia. Mechi inayoanza saa tisa alasiri kule Uingereza huanza saa kumi na moja au saa kumi na mbili jioni hapa kwetu, kulingana na majira yao. Hiyo ndiyo saa ambayo mfanyakazi wa kiwandani amekwisha kuoga na bado hajalala njaa. Watu wachache waliweza kulipia king'amuzi nyumbani; wengi walikwenda kwenye baa, au kwenye vibanda vya video, ambavyo Dar es Salaam huitwa kwa kufaa kabisa mabanda umiza. Kiingilio cha kibanda ni bei ya chai na mandazi. Kwenda kutazama mechi kubwa Nairobi, kwa nauli ya kwenda na kurudi, tiketi, na chakula, ni kazi ya siku nzima na fedha za siku mbili. Barabara kuu ya Thika iliyopanuliwa na kufunguliwa mwaka 2012 ilipunguza mwendo, lakini haikupunguza nauli.

Jambo moja lilipotea katika safari hii, nalo lawahusu wasomaji wa jarida hili zaidi ya watu wengine. Kabla ya picha palikuwa na redio. Watangazaji wa Kiswahili wa Sauti ya Kenya, na kisha wa Shirika la Utangazaji la Kenya lililochukua nafasi yake mwaka 1989, walikuwa waandishi wa nathari bila kalamu. Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025, alikuwa maarufu kwa uungwana na kwa maswali ya adabu za watu, lakini wasikilizaji wa umri fulani wanamkumbuka kwanza kwa mpira. Na pamoja naye Mohammed Juma Njuguna, na baada yao Jack Oyoo Sylvester. Msikilizaji wa Thika hakuona chochote. Ilibidi aambiwe mpira uko upande gani wa uwanja, nani anao, nani anamfuata, na jua linamulika macho ya kipa yupi. Ndipo likazuka lile jambo la ajabu la kugeuza redio kuwa uwanja, mtangazaji akisema mpira waelekea kushoto mwa redio yako, na mzee kijijini akageuza shingo.

Kwa lugha, utangazaji huo ulikuwa shule. Angalia namna vitenzi vifupi vilivyopangwa kufuata mguu wa mchezaji: anautuliza, anatazama, anamtoka mmoja, anamtoka wa pili, anaachia mkwaju. Hakuna nafasi ya "ambaye" wala ya vishazi virefu. Kila neno lilikuwa na wajibu wa kuonyesha, na upungufu wa msamiati haukusamehewa, kwa maana mtangazaji akikosa neno, maelfu ya watu wamepofuka kwa nukta moja. Ndiyo maana mtangazaji hakuweza kungoja kamati ya istilahi ikutane, na nadhani ndiyo maana istilahi za kandanda zimeshika mizizi kuliko za fizikia.

Televisheni iliondoa wajibu huo. Mtangazaji wa televisheni haelezi kinachoonekana, hukipamba. Tena kwa miaka mingi mtangazaji huyo alikuwa Mwingereza, na katika kibanda cha Kiandutu sauti yake ilifunikwa na makelele, au ilizimwa kabisa ili muziki upigwe. Watazamaji wenyewe wakawa watangazaji, kila mtu kwa Sheng yake au Kikuyu chake, na maneno yao si ya kueleza bali ya kuamuru: piga, toa, rudi nyuma, we mjinga. Kiswahili cha kueleza kikageuka kuwa Kiswahili cha kulaumu. Sina haja ya kukidharau; kina uhai wake na matusi mengine yana mizani nzuri. Lakini hakifanyi kazi ileile. Mtu aweza kutazama mpira miaka ishirini katika kibanda asijue kusimulia bao moja likaonekana.

Pana dalili za marejeo. Redio za kibiashara za Nairobi ziligundua kwamba mwenye matatu na mlinzi wa usiku hawana televisheni mbele yao, zikaanza kutangaza mechi za Uingereza kwa Kiswahili, mtangazaji akiwa studioni anatazama picha na kuifanya redio. Azam, televisheni ya Tanzania, ilijenga umaarufu wake kwa kutangaza ligi ya nchi hiyo kwa Kiswahili, na mwaka 2023 ilianza kuonyesha ligi ya Kenya pia. Hata majina ya utani ya klabu yamepata Kiswahili. Manchester United ni Mashetani Wekundu, tafsiri tu ya neno kwa neno. Liverpool huitwa Majogoo, na hili ni zuri zaidi, maana yule ndege wa nembo yao si jogoo hata kidogo. Ni ndege wa hadithi wa mji wa Liverpool. Mswahili alimtazama, akaona kishungi cha fahari, akampeleka bandani.

Turudi katika lile sikitiko la watu wazima. Thika ilipata kuwa na timu katika ligi kuu ya Kenya yenye jina la mji wenyewe, Thika United, iliyodhaminiwa na kampuni ya maziwa ya Brookside yenye makao yake Ruiru. Ilishuka daraja mwishoni mwa msimu wa 2018. Nilikuwa nikipita mjini mara kwa mara wakati huo, na sikumsikia mtu hata mmoja akisema "tumeshuka". Walisema "Thika United wameshuka", na wengine "imeshuka", kama bei ya maharage. Mwaka 2020 Bidco United, timu ya kampuni ya mafuta ya kupikia iliyopo Thika, ilipanda ligi kuu. Nayo ilipewa i-. Timu hizi zilichezesha vijana ambao shabiki angeweza kukutana nao stendi ya magari, na bado zilibaki katika nafsi ya tatu.

Si haki kulitupia lawama lote Uingereza. Timu ya kampuni hukaa maadamu kampuni yataka, na mtu huona vigumu kutia "sisi" yake katika kitu ambacho chaweza kufutwa katika mkutano wa wahasibu. Televisheni nazo huja na kuondoka. GTV, iliyokuja mwaka 2007 na bei ya chini, ilifilisika Januari 2009 na kuwaachia wateja masanduku matupu. SuperSport, iliyoonyesha ligi ya Kenya kwa miaka kadhaa na kuipa fedha, ilijiondoa mwaka 2017, na mdhamini wa kamari, SportPesa, akajiondoa mwaka 2019. Kila mmoja alipoondoka, picha ya mchezaji wa nyumbani ilififia, na asiyeonekana hawezi kutaniwa wala kutaniana kwa ajili yake.

Kamari yenyewe imeingiza nafsi mpya. Mwenye kubashiri hupanga mechi nyingi katika karatasi moja iitwayo mkeka, na mechi moja ikimwendea vibaya husema "mkeka umechanika". Sikiliza anavyolalamika: "Everton wamenichoma." Hapa tu- imetoweka. Imebaki ni-, peke yake, ikitendwa na watu wa mbali. Jirani naye hana nafasi ya m-, kwa sababu hana habari mkeka wa mwenzake ulikuwa na nini. Nimeona benchi la watu wanane likitazama mechi moja kwa nafsi nane tofauti, na bao lilipoingia wawili waliruka, watatu walitazama chini, na waliosalia walikuwa wakitazama simu kuona mechi nyingine. Kama kuna kitu kinachotishia ushabiki nilioueleza, naona ni hiki, kuliko London.

Mara chache nafsi hizi zimekutana uwanjani. Tarehe 7 Julai 2019 Everton walikuja Kasarani, kando ya barabara ileile ya Thika, wakacheza na Kariobangi Sharks, timu ya mtaa wa Nairobi. Walitoka sare ya bao 1-1, na Sharks wakashinda kwa penalti 4-3. Mkenya aliyejiita mtu wa Everton alikuwa siku hiyo na tu- mbili, na moja ilibidi iwekwe mfukoni. Huo ulikuwa mchezo wa kirafiki. Agosti 2025 ulikuja wa kweli, katika mashindano ya CHAN yaliyoandaliwa kwa pamoja na Kenya, Tanzania na Uganda. Mashindano hayo huwaruhusu wachezaji wa ligi za nyumbani pekee, yaani wale wale ambao wikendi hupewa wa- na i-. Kenya iliifunga Kongo bao 1-0, ikatoka 1-1 na Angola, ikaifunga Morocco 1-0 ikiwa na wachezaji kumi, kwa bao la Ryan Ogam, na kuifunga Zambia 1-0. Watu walimiminika Kasarani kutoka Githurai, Ruiru, Juja na Thika kwa wingi hata shirikisho la Afrika likapunguza idadi ya walioruhusiwa kuingia. Njia nzima ya kurudi, madirisha ya matatu yalikuwa wazi na nafsi ilikuwa moja. Tarehe 22 Agosti Madagaska waliitoa Kenya kwa penalti katika robo fainali, na hapo nilisikia kitu ambacho sikukisikia kwa Thika United mwaka 2018. Utingo mmoja pale Ruiru, akiwa amening'inia mlangoni, aliulizwa matokeo na abiria aliyekuwa akipanda. "Tumetolewa," akasema, kisha akanyamaza, na nauli hakuidai mpaka tulipofika Juja.

Ogam alikwenda Austria mwaka huohuo kuichezea Wolfsberger. Bado sijasikia mtu wa Thika akisema "tumeshinda" kwa ajili ya Wolfsberger, lakini mechi zao hazionyeshwi katika kibanda chochote nikijuacho.